Matroni Aliyepona

Matroni hakutuita kwa majina. Alituita kwa tulikotoka. Kulikuwa na Molo, kiranja wa bweni, msichana mrefu asiyecheka ovyo. Kulikuwa na Masafu wawili, Masafu Mnene na Masafu wa Miwani. Rafiki yangu Nabwire, ambaye kwao ni upande wa Kenya, aliitwa Ng'ambo. Mimi nilikuwa Busia, ile ya upande wetu wa Uganda. Hata leo mtu akisema tu kwamba anakwenda Busia kununua vitunguu, kuna sehemu ya kichwa changu inayogeuka kuitika.

Alikuwa matroni wa bweni letu la wasichana, kule Tororo, tangu nikiwa kidato cha kwanza. Naandika habari zake kwa sababu kule shuleni wameshaanza kumsimulia vibaya. Wengine wanamfanya mtakatifu na wengine wanamfanya mjinga. Mimi nilimwona kila jioni, na sikumbuki kuona mmoja wa hao wawili.

Alikuwa mfupi, mpana, na alivaa kandambili za mpira mvua ikinyesha au jua likiwaka. Sauti ya kandambili zake tuliijua kuliko kengele. Ikisikika ukumbini, mtu aliyekuwa anacheka alimeza kicheko, na mtu aliyekuwa analia alinyamaza. Baadaye ilionekana kwamba waliokuwa wanalia ndio aliokuwa anawatafuta. Lakini hatukujua hilo mwanzoni.

Miche ya sabuni aliikata kwa uzi, si kwa kisu. Alizungusha uzi, akavuta, na kipande kikaanguka sawasawa na kile kilichotangulia. Ukilalamika kwamba chako ni kidogo, alikupa uzi na kukwambia ukate mwenyewe, kisha wewe uliyekata uchukue cha mwisho. Sijaona mtu aliyelalamika mara mbili.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mpakani, cha kununua na kuuza. Hakikujali sana mpangilio. Mwalimu wetu wa Kiswahili kila alipomsikia alifumba macho. Siku moja Matroni alikuwa anagombeza kwenye tangi: "Hii watoto namaliza maji yote." Mwalimu akapita, akamwambia kwa upole, "Hawa watoto, mama. Hawa." Matroni akamwangalia. "Mwalimu, hii ama hawa, maji wamemaliza." Mwalimu akaenda zake. Siku hiyo tulioga kwa maji ya mvua.

Watu husema alikuwa mkali. Alikuwa mkali, ndiyo. Siku ya kufungua shule alipekua masanduku yetu mpaka chini, akatoa kila kitu kilichovuka mpaka bila baraka zake: mkate wa Kenya, siagi, biskuti, sukari iliyofungwa ndani ya soksi. "Shule siyo duka," alisema, na vyote vikaingia chumbani kwake. Halafu mtu akishikwa na malaria, alipelekewa chai ya maziwa na mkate wenye siagi. Vitu vyetu tulivila vyote mwishowe, ila ilibidi kwanza tuugue.

Kuhusu umbea alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza aliitangaza mstarini: umbea ni dhambi. Ya pili aliitumia chumbani kwake: "Funga mlango uniambie."

Sasa lazima niseme kuhusu mimi, ingawa sipendi. Nina kifafa. Muhula wangu wa kwanza nilianguka kwenye foleni ya posho, sahani mkononi, mbele ya shule nzima. Mimi huwa sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kurudi tu. Niliporudi nilikuta uso wa Matroni umelala mkabala na wangu. Alikuwa amejilaza kwenye sakafu ya saruji, kwa ubavu, kama watu wawili walio kitanda kimoja.

"Busia, umerudi?"

"Nimerudi."

"Ulikuwa wapi?"

"Sijui."

"Sawa. Kuna watu nakwenda mpaka Kampala na wanarudi hawajui walikuwa wapi."

Leso yake ilikuwa imefunika miguu yangu, kwa sababu nilikuwa nimejikojolea. Wasichana walikuwa wamesimama mbali, wale wanaoamini kwamba povu likikugusa na wewe utaanguka. Matroni akaichukua ncha ya leso, akanifuta mdomo, taratibu, wote wakiona. Kisha akainuka, akaifunga leso hiyo hiyo kiunoni mwake, na akaenda kugawa maharagwe. Hakutoa mafundisho yoyote. Baada ya siku ile watu walianza kukaa karibu nami, si karibu sana, lakini karibu.

Dawa zangu ni za kila siku na zinanifanya mzito. Siyo usingizi. Ni kama mambo yote yanatoka kwenye redio ya jirani: nayasikia, naelewa, lakini hayako nyumbani kwangu. Nasema hivi ili msomaji asidhani kwamba sikumpenda. Nilimpenda. Ni kwamba hata mapenzi yenyewe yananifikia kwa sauti ya chini.

Tuliokuwa na dawa za kila siku tulikuwa na foleni yetu, baada ya chakula cha jioni, kabla ya kwenda kusoma. Tulisimama mlangoni kwake. Yeye alikaa kwenye kigoda na jagi la plastiki na kikombe kimoja. Alikuwa anajua dawa ya kila mtu kwa uso wake. Alikuwekea kiganjani, akakupa maji, kisha yakafuata maneno yale yale: "Meza. Fungua. Inua ulimi." Aliinama akaangalia ndani ya mdomo kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Nabwire ana ugonjwa wa seli mundu na alichukia vidonge vyake. Kwa muda aliweza kuvificha kwenye shavu na kwenda kuvitema kwenye maua yaliyo nje ya dirisha la Matroni. Matroni alimwacha. Halafu jioni moja, watu wote wakiwa kwenye foleni, akamwambia, "Ng'ambo, maua yangu hayana ugonjwa. Wewe ndiyo unao. Fungua."

Alikuwa na usemi wake kuhusu mwili, na alituambia sisi wa foleni peke yetu, kana kwamba ni siri ya ukoo. Alisema mwili ni kama mtoto wa bweni: siku ametulia sana, ujue anapanga kutoroka.

Nilipokuwa kidato cha tatu, Matroni alianza kusimama katikati ya ngazi za kwenda bweni la juu. Alisimama akashika ukuta, akajifanya anakagua vioo vya madirisha. Sisi tulidhani anatuvizia. Masafu Mnene alisema amegundua mbinu mpya ya kusikiliza. Ilikuwa kifua. Kilikuwa kinawaka, kisha kinabana, na uzito unashuka mkono wa kushoto. Yeye alisema ni vidonda vya tumbo. Alikunywa maziwa baridi na kutafuna muhogo mbichi, na ukimwangalia sana alikuuliza kama umemaliza kufua.

Binti yake ana duka Busia ya upande wa Kenya. Alikuja kumtembelea, akamkuta amekaa kwenye ngazi ya pili hawezi kwenda ya tatu, na hakumuuliza ruhusa. Akampeleka Nairobi. Sisi tukabaki na mwalimu mmoja wa zamu aliyetuachia dawa mezani na kusema tujihudumie.

Aliporudi, bweni zima lilimzunguka pale mlangoni. Alikuwa amepungua kidogo. Alikunja mkono wa blauzi na kutuonyesha alama ndogo kwenye kifundo cha mkono, kama mahali mtu ameng'atwa na siafu.

"Walipasua kifua?" akauliza Masafu Mnene.

"Hakuna kupasua. Waliingilia hapa."

"Moyo uko mkononi?"

"Wewe biolojia unasoma wapi, jikoni? Mshipa natoka hapa, nakwenda mpaka kule, kama barabara ya Malaba. Walipeleka waya mwembamba, ikafika mahali imeziba. Wakapuliza puto ndani, mshipa ikafunguka, wakaacha kitu kama springi, ya chuma, ishikilie. Na mimi niko macho. Naona yote kwa televisheni. Moyo yangu iko kwa televisheni, na mimi sijachana nywele."

"Springi haitoki tena?" akauliza Nabwire.

"Haitoki. Nitazikwa nayo. Siku ya ufufuo mtanisikia nakuja, kling, kling."

Tulicheka sana. Hata Molo alicheka.

Halafu akatueleza dawa, kwa sababu alipenda kila kitu kielezwe. Vilikuwa vidonge kadhaa, lakini viwili ndivyo daktari wa moyo alivyovisisitiza mpaka akamshika mkono. Damu ikiona chuma ndani ya mshipa, alisema, inakusanyika kushangaa, kama watu wa Tororo wakiona lori limeanguka. Wakikusanyika, barabara inafungwa tena. Hizi dawa mbili ni polisi. Kazi yao ni kusema: tawanyika, tawanyika, hakuna cha kuona hapa. "Na daktari amesema mpaka yeye mwenyewe aseme basi, hakuna siku ya kuruka. Hata moja."

Kuanzia jioni ile alijiweka mwisho wa foleni yetu. Alimaliza kutuhudumia sote, kisha akasema, "Sasa ya mzee." Akameza, akafungua mdomo, na Molo akainama kumkagua. "Inua ulimi, Matroni." Aliinua. Ulikuwa mchezo wetu, na nadhani kwa wengine wetu ilikuwa mara ya kwanza kumeza dawa bila kujiona tumetengwa. Alipata michubuko ya bluu mikononi hata akigusa tu mlango, na ufizi wake ulitoka damu akipiga mswaki. Alisema hao ni polisi, polisi wakifanya kazi lazima mtu aumie kidogo.

Sasa kanisa. Matroni alikuwa mlokole, na kiongozi wa akina mama kanisani kwao, pale karibu na shule. Kwao kuna desturi ambayo mtu wa nje hawezi kuielewa haraka. Mtu akiinuka kutoka ugonjwa mkubwa huleta shukrani. Anaingia akiwa na zawadi, watu wake wakimsindikiza kwa kucheza, anasimama mbele na kusimulia ugonjwa tangu mwanzo. Mwishoni anasema, "Nimepona." Hasemi "naendelea vizuri" wala "nina nafuu". Akina mama wazee wanasema kushuhudia ni kufunga mlango, na aliyeufunga mlango hachungulii tena dirishani. Kwa hiyo aliyeshuhudia hazungumzii tena ugonjwa ule, na hakuna anayemwona na dawa yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote. Hata mchungaji hakuwahi kuisema, na siku ile mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema Mungu hutumia pia mikono ya madaktari. Watu waliitikia amina. Desturi ikabaki pale pale ilipokuwa.

Tulimsindikiza bweni zima. Alibeba kuku mwekundu, na sisi tulibeba karanga na ndizi. Alivaa gauni la kijani tusilolijua. Alisimulia yote, ngazi, muhogo mbichi, televisheni, na watu walicheka pale pale tulipocheka sisi. Kisha akasema, "Nimepona." Vigelegele vilipigwa mpaka kuku akachanganyikiwa na kuruka juu ya kinanda. Nilimwangalia usoni. Alikuwa kama msichana aliyeambiwa kwamba mama yake amekuja kumchukua.

Jioni ya kesho yake tulipanga foleni. Alitupa sote, akatukagua, akafunika jagi, akainuka kwenye kigoda. Molo alikuwa bado amesimama, amekunja mikono, anangoja zamu yake ya kukagua. Matroni akampita akaingia ndani. Jioni iliyofuata ikawa vile vile. Wote tuliona. Watu wa foleni ya dawa wanaona mambo ya dawa kama wavuvi wanavyoona maji.

Mimi si mtu wa kuuliza. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Lakini jioni moja nilikuwa wa mwisho, na maneno yalitoka.

"Na yako, Matroni?"

"Yangu nini?"

"Dawa."

Hakukasirika. "Busia, wewe ulikuwa kanisani?"

"Nilikuwa."

"Ulisikia nilisema nini?"

"Ulisema umepona."

"Sasa mtu amepona nakunywa dawa ya nini? Akina mama wanakuja kunisalimia wanakuta vidonge mezani, watasema nini? Nilisimama mbele ya Mungu nikamsingizia?"

Nilikuwa na kidonge changu kiganjani, kimeanza kulowa jasho. Nikamuuliza, "Na mimi nikishuhudia, niache?"

Aliangalia kidonge kiganjani mwangu. Nilisikia wenzangu wakivuta viti huko kwenye chumba cha kusomea.

"Wewe hujashuhudia," akasema. "Meza. Inua ulimi."

Nikainua.

Tulikaa kitandani kwa Molo, yeye na mimi na Nabwire, tukajadili. Molo alisema ni lazima tumwambie mtu. Nabwire akauliza, "Tumwambie nani?" Tulifikiri. Mtu akiwa na tatizo lolote la mwili wake pale shuleni, kuna mtu mmoja tu ambaye huambiwa.

"Tumwambie Matroni," akasema Molo, na hakuna aliyecheka. Mwishowe Molo alimwambia mwalimu wa zamu. Mwalimu akasema yule ni mtu mzima, na amerudi kutoka Nairobi kwa madaktari, anajua anachofanya. Ilikuwa kweli kwamba ni mtu mzima.

Na ukweli mwingine ni huu, ambao wale wanaomwita mjinga hawausemi: alikuwa mzima kuliko tulivyowahi kumwona. Michubuko iliisha. Alipanda ngazi zote bila kukagua dirisha. Siku ya michezo alikimbia mbio za wafanyakazi, kandambili mkononi, akamshinda mpishi. Mpishi alilalamika kwamba hii siyo haki, mwenzake ana injini mpya. Springi ilikuwa inafanya kazi. Muhula mzima ilifanya kazi, na sehemu ya mwingine.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kufua. Tulikuwa kwenye tangi, na Matroni alikuwa anasimamia maji. Akageuza beseni la mtu, akalikalia. Matroni hakuwahi kukaa wakati wa kufua. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho lilikuwa linadondoka kidevuni, ingawa kulikuwa na baridi.

"Ni vidonda," akasema. "Nileteeni maziwa."

Hakuna aliyekwenda kuleta maziwa. Molo alikimbia kuita dereva wa shule. Nabwire alipiga magoti akamshika mkono. Mimi nilikuwa nasuuza soksi. Niliendelea kuisuuza. Niliisuuza mpaka povu likaisha, nikaikamua, nikaianika kwenye kamba na kuinyoosha sehemu ya vidole, na wakati huo wote nilikuwa namwangalia akiteleza kutoka kwenye beseni mpaka akalala ubavu. Sina maelezo mengine. Niliandika hivyo siku ile ile na leo nikisoma naona ndivyo ilivyokuwa.

Walimpeleka hospitali pale Tororo, na binti yake akaja kumvusha mpaka, kumrudisha Nairobi.

Baada ya siku kadhaa binti alirudi kuchukua vitu vyake. Ni mwanamke mtulivu, ana mabega ya mama yake. Alikunja mashuka na sisi tulimsaidia kubeba. Alituambia mama yuko hai. Damu iliganda ndani ya springi, yote, kama mtu aliyeziba bomba kwa kitambaa. Madaktari walifungua tena, lakini walifungua wakati saa nyingi zimepita, na upande mmoja wa moyo ulikuwa umeshakufa.

"Moyo unakufa nusu?" akauliza Masafu wa Miwani.

"Unakufa nusu. Ile nusu haipigi, inafuata tu mwenzake." Kisha akasimama na mto mkononi. "Alikuwa anakunywa dawa zake?"

Chumba kilikuwa kimejaa wasichana. Nilisikia kandambili za mtu mwingine huko ukumbini, na kwa sekunde moja sote tulijinyoosha.

"Alikuwa amepona," akasema Molo.

Binti akamwangalia. Alikuwa anajua desturi ile, amekulia ndani yake. Akavua foronya kutoka kwenye mto, akaikunja, akaendelea kukunja hata ilipokuwa imeshakunjika. Vidonge alivikuta yeye mwenyewe kwenye kopo la majani ya chai, pakiti baada ya pakiti, hazijafunguliwa.

Sasa tuna matroni mpya. Ni mwema. Anaacha dawa kwenye sahani na maji pembeni, na anatuamini.

Likizo hii nilikwenda kumwona. Nyumbani kwake ni Sikuda. Mama alinipa mkate na sukari, nikapanda boda mpaka pale njia ya gari inapoishia na kuanza kijia cha kwenda kwake, nikamwomba kijana wa boda anisubiri.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nje, ameegemea ukuta wa jiko. Juu alikuwa amekonda mpaka shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Miguu ilikuwa imevimba.

"Busia," akasema.

"Nimekuja, Matroni."

"Naona. Kile kitu kimekuja tena?"

"Mara moja tu. Nilikuwa nyumbani."

"Uliumia?"

"Niliuma ulimi."

Akaniambia nivute mkeka. Tulizungumza habari za shule. Alitaka kujua nani amefukuzwa na nani anaandikiana barua na nani, na hapakuwa na mlango wa kufunga kwa hiyo nilinong'ona. Alicheka kwa midomo tu, bila kutumia kifua. Akiongea maneno mengi alinyamaza katikati akapumua, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Kwenye meza ndogo karibu naye kulikuwa na bakuli lenye vidonge vyake vya siku ile, wazi, kila apitaye aone.

"Akina mama wa kanisa wanakuja?" nikauliza.

"Wanakuja. Wananiletea ndizi. Wanaona hii bakuli, wanaangalia ukuta." Akapumua. "Ukuta yangu imeangaliwa sana."

Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitamuuliza, na kwamba sitamuuliza. Nikamuuliza. "Uliacha kwa nini, Matroni?"

Kulikuwa na kuku anadonoa muhogo uliotandazwa, na alimwacha adonoe.

"Wewe hujawahi kupigiwa vigelegele," akasema. "Mimi pia nilikuwa sijawahi. Hata siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, watu wakakimbilia chini ya paa. Siku ile kanisa yote ilisimama. Nikasema, haya, nimekuwa mtu mzima tena. Sasa nirudi chumbani nimeze dawa kama mgonjwa? Nilichoka kuwa mgonjwa, Busia."

Alipumzika. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na nilikuwa nimepona. Ile miezi. Usikubali wakwambie sikupona. Nilimshinda mpishi."

"Ulimshinda."

"Sana."

"Na sasa?"

"Sasa naendelea," akasema.

Jua lilipogeuka nikaaga. Akashika kingo za kiti, akaanza kuinuka. Nikamwambia abaki akae.

"Mgeni hatoki peke yake kama paka," akasema. "Nitakusindikiza."

Akaweka mkono begani kwangu na tukaanza kwenda. Tulipita mlango wa jiko. Tulipita ghala. Mkono wake ulikuwa mwepesi mwanzoni, kisha ukawa mzito. Tulipofika mahali shamba la muhogo linapoanzia, akasimama. Alikuwa anapumua kwa mdomo na alikuwa anaangalia mbele, kule ambako yule kijana wa boda alikuwa ameegemea pikipiki yake.

"Mimi mwisho wangu ni hapa," akasema. "Barabara ni ile."

Niliangalia barabara. Kisha niliangalia nyuma, kiti cha plastiki, na nikaona kwamba amekuja mbali kuliko anavyoweza kurudi. Yeye pia alikuwa amekwisha kuona. Nilimgeuza, na Matroni, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumgeuza, aligeuka. Tulirudi polepole, tukisimama, tukirudi. Nilimkalisha. Nikampa maji, akanywa kidogo.

"Nani sasa amesindikiza nani?" akaniuliza.

Kijana wa boda alipiga honi.

Nikatoka peke yangu. Nilijua kwamba ananitazama, na sikugeuka nyuma mpaka nikafika barabarani. Ningegeuka angeinua mkono kunipungia, na hata mkono ukiinuliwa unaomba damu kwa ile nusu ya moyo iliyobaki.